Ulisharudia? Neno dogo la Kiingereza na daftari letu

(Maneno yaliyosemwa na watu wa tereni mbele ya wanachama wa shirika na wafadhili waliotutembelea, Butembo. Tumeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

 

Kamati ilituomba sisi watu wa tereni tuzungumze dakika makumi mawili juu ya namna ya kuhesabu watu wanaorudi. Tulipokaa kutayarisha, tuliona kwamba shida yetu karibu yote imebebwa na neno moja la Kiingereza lenye herufi nne tu: "back". Basi leo tutaongea juu ya hilo neno. Musiogope, hatukuja kufundisha Kiingereza. Wale waliokaa Kyangwali, Kyaka ama Nakivale wanakijua kutushinda, na watatukosoa tukikosea.

Juu ya nini neno la Kiingereza, na sisi tuko Kongo? Munajua namna fishi za anketi zinavyotufikia. Mara nyingi zinaandikwa mbali kwa Kiingereza. Kisha zinatiwa katika Kifaransa. Kisha sisi tunasimama mbele ya mama kwenye baraza yake, tablete mkononi, tunamuuliza kwa Kiswahili. Naye anajibu kwa Kinande, juu ya ndiyo lugha ya mambo yake ya moyoni. Halafu jibu linarudi njia ileile, likifika kule juu limekuwa alama moja: ndiyo, ama hapana. Kwa alama hiyo mtu anapata jetoni ama anakosa.

Watu wanaotunga kamusi wanasema kwamba maneno mafupi, yale ya kila siku, ndiyo yenye maana nyingi kupita yote. Katika kamusi kubwa ya Oxford, neno "run", ambalo shuleni tulifundishwa kwamba ni kukimbia, limepewa maana zaidi ya 600, na hapo ni kitenzi peke yake. Mbele yake lilikuwa neno "set" ndilo lililoshika nafasi ya kwanza. "Back" haifiki huko. Lakini kwetu, maana zake chache zimetosha kuleta shida, na mtaona.

Maana ya kwanza ni mgongo. Hapo hakuna anayehitaji kufundishwa. Wamama wetu wa huku wanabeba mzigo mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso: kuni, mihogo, ndizi, na siku ya kukimbia, godoro na sufuria. Mtoto naye yuko mgongoni ama kifuani, kulingana na nafasi iliyobaki. Siku moja tulipokea fishi ya afya iliyotafsiriwa na mashine. Kwa Kiingereza ilikuwa inauliza juu ya maumivu ya mgongo. Kwa Kiswahili ikatoka "maumivu ya kurudi". Mama mmoja akajibu bila wasiwasi: "Ndiyo, inarudiaka kila mwezi." Alikuwa anasema juu ya tumbo. Tukaandika ndiyo. Kumbe tumemhesabu kati ya wagonjwa wa mgongo. Tulicheka siku hiyo. Siku nyingine hatukucheka.

Maana ya pili ni nyuma. Wale mliosikiliza mpira kwa redio za Tanzania na Kenya munajua "beki", mchezaji anayebaki nyuma kulinda goli. Neno ni hilohilo "back", limevaa nguo ya Kiswahili. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunamwita "arrière", nako ni nyuma. Huko Dar es Salaam vijana wamelipeleka mbali zaidi, msichana wa kazi za nyumbani wanamwita "beki tatu". Ndiyo kusema neno likishaingia kwa watu, halimwombi ruhusa aliyeliandika.

Maana ya tatu ni deni la zamani. Mshahara uliocheleweshwa, ule ambao walimu wetu wanaita "arriérés", kwa Kiingereza nao unabebwa na "back". Walimu waliomo humu wanaijua hiyo maana, hatutaongeza.

Maana ya nne ni kumuunga mtu mkono, na hapa ndipo tuliacha kucheka. Mgeni mmoja alifika kwenye shule upande wa Oicha, ambako familia nyingi za wadeplase zilikuwa zinalala darasani. Alikuwa mtu wa moyo mzuri. Alisimama mbele ya watu akasema kwa Kiingereza kwamba wao wako nyuma yetu, wanatuunga mkono, na alitumia hilo neno. Kijana aliyekuwa anatafsiri ni mwenzetu, wa timu yetu, alikuwa amejifunza Kiingereza miezi michache. Alisikia "back", akatangaza: "Anasema watawarudisha."

Watu wote wakanyamaza. Mgeni akafikiri wameguswa na maneno yake, akatabasamu. Mzee mmoja akasimama taratibu, akauliza: "Watatuludisha wapi? Lini? Na nani atatangulia mbele?" Tulijaribu kusahihisha palepale, lakini munajua, neno la kutisha likishatoka, sahihisho halina miguu ya kulifikia. Asubuhi iliyofuata, familia kadhaa hazikuwa tena darasani. Zilibeba mikeka usiku, zikaenda kujificha kwa ndugu na marafiki, juu ya kuogopa malori ya kuwarudisha. Malori hayakuwepo. Ilituchukua siku nyingi kuwatafuta, nyumba kwa nyumba, tukiomba msamaha. Wengine majina yao yalikuwa yamekwisha kutolewa kwenye orodha ya shule, na Waswahili walisema: asiyekuwepo na lake halipo.

Maana ya tano ndiyo ya shirika letu. Kurudi. Kwa Kiingereza, mtu akisema "I am back", anasema tu kwamba yuko tena. Hasemi yuko tena kwa muda gani. Hasemi kama ni kwake ama kwa jirani. Kifaransa kinajaribu kutenga: "revenir" ni kuja tena hapa tulipo, "retourner" ni kwenda tena kule, "rentrer" ni kuingia tena nyumbani kwako. Maneno matatu. Lakini katika fishi nyingi tulizobeba sisi, yote matatu yalikusanywa katika kisanduku kimoja.

Na Kiswahili chetu? Nacho kina mambo yake. Wenzetu wa pwani wanasema "kurudi". Sisi hapa Beni na Butembo tunasema "kurudia". Kule pwani, "kurudia" ni kufanya jambo mara ya pili. Kwa hiyo mtu wa Mombasa akisoma jibu "ninarudia kijijini", anaweza kufikiri kuna kitu huyu anakifanya tena na tena. Na tutakavyoona, angekuwa hajakosea sana. Nguo ikifuliwa ikapungua, Waswahili wanasema imerudi. Na mzazi anayemwadhibu mtoto ili anyooke, anamrudi. Wazee, hamuoni kwamba hizo maana zote zimetupata? Kuna aliyerudi akakuta shamba limepungua kama ile nguo. Na kuna aliyerudi akarudiwa na risasi kama mtoto asiyesikia.

Sasa tuwaambie habari ya mama mmoja. Jina lake tunaliacha, naye alituruhusu tuseme.

Mama huyu alikuwa anakaa Beni mjini, kwa shemeji yake, chumba kimoja watu tisa. Shamba lake la kakao liko upande wa barabara ya Mbau. Munajua kakao haimngojei mtu. Ikiiva na usipovuna, inaoza kwenye mti, ama mwingine anakuja kuivuna. Basi kila asubuhi, kama habari za usiku hazikuwa mbaya, alikwenda shambani pamoja na wamama wengine. Kabla ya jioni wote walikuwa wamerudi mjini.

Sisi tukafika na tablete. Fishi iliuliza kwa Kiingereza kama mtu yuko "back" kwenye mahali alipotoka. Kifaransa kilisema "de retour". Sisi tukauliza kwa Kiswahili chetu: "Mama, ulisharudia?"

Akajibu: "Ndiyo, mutoto wangu. Minarudiaka kila siku."

Tukaweka alama: ndiyo.

Sikilizeni tena alivyosema. Minarudiaka kila siku. Huyo "-aka" wa mwisho ndiye aliyebeba ukweli wote. Mtu aliyerudi kabisa hawezi kurudi kila siku. Anayerudi kila siku ni yule anayeondoka kila siku. Sisi tumezaliwa ndani ya lugha hii, tulilisikia, tukaliacha lipite juu ya kisanduku hakikuwa na nafasi yake. Hatuwezi kusingizia mashine, wala Kiingereza. Ni sisi tulioweka alama.

Matokeo yalikuja baada ya wiki kadhaa. Jina lake likatoka kwenye orodha ya wadeplase wa mjini. Likaingia kwenye orodha ya waliorudi kijijini. Msaada wa waliorudi, mbegu na majembe na bashi la kufunika nyumba, ulipangwa kutolewa kulekule kijijini, mahali alikokuwa halali tangu siku nyingi. Alipewa jetoni. Siku ya kugawa alitembea mpaka kule. Njia ikafungwa siku hiyo, gari la msaada halikufika, na saa ya kurudi mjini ikampita. Akalala ndani ya kanisa pamoja na wengine waliokuja kwa jetoni kama yeye. Walizima hata simu ili mwanga usionekane. Mungu alisaidia, kulikucha salama.

Alipokuja kutuona hakupiga kelele. Aliweka jetoni juu ya meza akasema: "Muliniandika mahali siko. Nikienda nikifia kule, mutaandika nini?"

Wapendwa, tangu siku hiyo tunaliogopa neno hili. Tuliporudisha jina lake kwenye orodha ya mjini ilikuwa baada ya miezi miwili ya barua, na katika hiyo miezi miwili hakupokea kitu chochote, wala huku wala kule.

Tulikaa chini tukajiuliza: je, ni yeye peke yake? Tukaanza kupitia majibu ya "ndiyo" tuliyoandika, tukawauliza watu tena kwa maneno mengine. Tulikuta "ndiyo" za namna nyingi. Tutaje baadhi.

Kuna anayekwenda na kurudi, kama huyu mama. Wakubwa wa misaada wanamwita mtu wa "mouvement pendulaire", kama ile timazi ya saa inayoyumba huku na huku. Jina lipo, lakini kwenye fishi ya siku ile kisanduku chake hakikuwepo.

Kuna aliyerudi nchini lakini hajarudi kwao. Alitoka Uganda, akavuka Mpondwe, akafika Kasindi, akapanda gari mpaka hapa Butembo, akapanga nyumba. Kwa serikali ya kule alikokuwa, amekwisha kurudi, kadi yake ya mkimbizi imekwisha. Kwa jirani zake wa hapa Butembo yeye ni mgeni. Kwa kijiji chake upande wa Beni hajaonekana.

Kuna kijana aliyezaliwa kambini. Tunamuuliza kama amerudi, naye hajawahi kuiona hiyo nchi. Kinande chake kina harufu ya Kikonzo cha ng'ambo ya Ruwenzori, na shuleni alisoma kwa Kiingereza. Hapa anarudishwa madarasa mawili nyuma juu ya Kifaransa. Huyo ndiye "back" ya kweli: kurudishwa nyuma.

Kuna aliyerudi akakuta nyumba yake ina watu. Mara nyingine ni wadeplase wa kijiji kingine, nao hawana pa kwenda. Amerudi kwenye kiwanja chake, analala kwenye jikoni ya nyumba yake mwenyewe. Kwenye fishi ni "ndiyo".

Na kuna aliyerudi kutoka hospitali. Wakati wa Ebola, kuanzia tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 ilipotangazwa Mangina, mpaka tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020 ilipotangazwa kwisha, walihesabiwa wagonjwa 3,470, na waliokufa ni 2,287. Wengi walikuwa watu wetu wa Beni, Butembo, Katwa, Mabalako. Waliopona walirudi nyumbani na cheti mkononi. Wengine waligeuziwa mgongo na majirani, hakuna aliyenunua nyanya zao sokoni. Mtu aliyefika nyumbani kwake na hakuna anayemsalimia, je, amerudi?

Hatukuleta mifano hii ili tuseme kwamba kuhesabu haifai. Bila hesabu hakuna msaada, na wafadhili wetu wanajua kwamba bila namba hawawezi kuomba pesa kule wanakoomba. Tunachosema ni kwamba tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, mauaji yalipoanza kuzunguka mji wa Beni, watu wetu wamerudi na kukimbia mara nyingi mno. Ilipotangazwa hali ya dharura mwezi wa 5 mwaka 2021, wako waliorudi. Jeshi la Uganda lilipoingia pamoja na letu mwisho wa mwezi wa 11 mwaka uleule, wako waliorudi. Wengine kati yao wamekimbia tena. Kila mara tuliandika "amerudi", na hatukuwa na mahali pa kuandika "ameondoka tena".

Na sheria za dunia ziko upande wetu katika hili. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi zao, za mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 28 kwamba kurudi kuwe kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima. Maagizo ya mashirika ya misaada ya mwaka 2010 yanakwenda mbele zaidi. Yanasema kuhama hakuishi siku mtu anapofika. Kunaisha siku hana tena mahitaji yaliyoletwa na kule kukimbia. Na kunaweza kuishia kwake alikotoka, ama alipokimbilia, ama mahali pengine pa tatu alipochagua. Kwa hiyo mwanachama aliyeamua kubaki hapa Butembo maisha yake yote hajakosa, wala hajashindwa kurudi. Amechagua.

Basi tunapendekeza nini? Mambo matatu, na tunaomba kamati iyapigie kura kabla hatujaachana.

La kwanza: katika daftari letu wenyewe tuache kabisa lile swali "Ulisharudia?" Tuliondoe. Mahali pake tuulize maswali matano ambayo jibu lake si ndiyo wala hapana. Moja, siku saba zilizopita ulilala wapi? Tuhesabu usiku mmoja mmoja. Mbili, hapo unapolala ni kwa nani? Tatu, unalima wapi, na unakwenda peke yako ama na wengine? Nne, watoto wanasoma wapi? Tano, ukisikia risasi leo usiku, utakimbilia wapi? Yule mama wa kakao, kama tungemuuliza maswali haya, kwa dakika tano tungejua kila kitu. Analala Beni usiku saba kati ya saba, kwa shemeji, analima upande wa Mbau na kikundi, watoto wanasoma mjini. Huyo hajarudi. Huyo anavuna.

Tumekwisha kuyajaribu maswali haya katika kartie moja ya Beni na moja ya hapa Butembo. Yanachukua muda zaidi, hilo hatufichi. Lakini hakuna aliyeshindwa kuyajibu, na hakuna neno lililohitaji kuvuka lugha tatu. Kulala ni kulala, kwa Kinande, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza.

La pili: kila jibu liandikwe na tarehe, na lirudiwe, sasa kurudia kwa maana ya pwani, kila mwanzo wa msimu wa kulima. Hapa tuna misimu miwili kwa mwaka. Mtu asiondolewe kwenye orodha ya wadeplase mpaka amelala kwake misimu miwili mfululizo. Mbegu alizopanda azivune mwenyewe, apande tena, avune tena. Hapo tuseme ametulia.

La tatu: msaada umfuate mtu anapolala. Mbegu zake zinaweza kugawiwa mjini, yeye mwenyewe atazibeba siku anayoona njia iko salama. Anajua njia kutushinda. Jetoni isiwe sababu ya kumlaza mtu mahali ambako yeye mwenyewe ameogopa kulala.

Wafadhili wetu, tunawaomba kitu kimoja. Munapotutumia fishi, mutupe wiki moja ya kuisoma pamoja na wamama watano na wazee watano kabla ya kwenda nayo tereni. Wiki moja tu. Na mutuachie nafasi ndogo chini ya kila swali ya kuandika jibu kama lilivyotoka mdomoni. Kama tungekuwa na nafasi hiyo, tungeandika "minarudiaka kila siku", na mtu yeyote wa hapa aliyeko biro kule Goma ama Kinshasa angesoma na kuelewa. Tunajua namba zikisema watu wamerudi, kila mtu anafurahi, hata sisi. Lakini tusifurahi mapema kuliko wenyewe.

Na ninyi wanachama, turuhusuni tuseme na upande wetu, maana ugonjwa unaofichwa hautibiwi. Tunajua kuna wakati mtu anajibu kulingana na gari lililofika. Likija la wadeplase, hajarudi. Likija la waliorudi, amerudi tangu zamani. Tunaelewa njaa ni nini. Lakini kila "ndiyo" ya namna hiyo inamkaba mwingine, yule anayesema kweli. Maswali haya matano yatatusaidia hapo pia, juu ya jirani yako anajua unalala wapi. Tunaomba kila kikundi, hata zile likelemba zetu za kila wiki, kiwe na watu wawili wa kushuhudia majibu. Si kwa ajili ya kufungana, ni kwa ajili ya kulindana.

Mtauliza yule mama yuko wapi leo. Yupo, bado anakaa Beni. Msimu uliopita alianza kulala kule shambani usiku mmoja mmoja, wakati wamama wa kikundi chake walipolala pia. Tulipomuuliza mara ya mwisho alihesabu kwa vidole: usiku mbili kati ya saba. Tukaandika mbili. Aliangalia tablete mpaka akaona tumeandika mbili kweli, ndipo akatuaga akaenda kuanika kakao yake.

Tunaomba kura ipigwe. Mungu awarudishe wote nyumbani salama leo jioni. Kwa hapo neno lina maana moja tu.